Sifuri si Sawa na "Sijui": Kwa Nini Kila Kikundi Kinahitaji Mtu Mmoja Anayejua Lugha ya R



Umezoea kunisoma hapa nikizungumzia viwavijeshi, mbolea ya kukuzia na bei ya mahindi. Leo nataka tuzungumze kuhusu lugha moja ya kompyuta ambayo nimejifunza nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Usiondoke kwanza. Jambo hili linagusa ng'ombe wako, gunia lako na fedha zako za chama, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Ng'ombe aliyeuzwa kwa hesabu yangu

Miaka michache iliyopita nilikuwa nakusanya rekodi za maziwa za wafugaji wa kata yetu. Mama mmoja aliniletea daftari lake la siku 60, limeandikwa vizuri kwa kalamu ya bluu. Nikaingiza namba zake kwenye jedwali la kompyuta. Katika siku 15 hakukuwa kumeandikwa kitu. Mimi sikupenda nafasi tupu, niliona kama kazi haijaisha, basi nikazijaza sifuri.

Jumla ilikuwa lita 360. Gawanya kwa siku 60, unapata lita 6 kwa siku. Kwa bei ya pumba na mashudu ya wakati ule, nilikuwa nimepiga hesabu kwamba ng'ombe wake akitoa chini ya lita 7 anakula kuliko anachorudisha. Nikamwambia, "Mama, huyu hakulipi. Muuze, utafute mtamba mwingine." Aliniamini, akamuuza.

Mwaka na zaidi ukapita. Nilipoanza kujifunza lugha ya R nilihitaji rekodi za kufanyia mazoezi, nikachukua madaftari yale yale na kuyaingiza upya. Safari hii sikujaza kitu mahali pasipo na kitu. Nikaiomba kompyuta wastani wa maziwa ya yule ng'ombe. Haikunipa namba. Ilijibu kwa herufi mbili tu: NA. Maana yake, jibu halijulikani. Nikadhani nimekosea kuandika amri, nikarudia mara tatu. NA, NA, NA.

Nilipotafuta sababu ndipo nilipoelewa. Kuna siku 15 ambazo kompyuta haijui kilichotokea, kwa hiyo haiwezi kukuambia wastani wa siku zote 60 mpaka umwambie mwenyewe uzifanyeje siku hizo. Nikaiambia izihesabu siku 45 zilizoandikwa peke yake. Lita 360 kwa siku 45 ni lita 8 kwa siku. Ng'ombe alikuwa analipa.

Nilikwenda nyumbani kwa yule mama kumwambia. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema, "Ungeniuliza tu, bwana shamba. Siku zile nilikuwa hospitali namuuguza dada yangu. Watoto walikamua, ila hawakuandika." Sikuwa na la kujibu.

Sifuri maana yake tulikamua tukapata kikombe kitupu. Nafasi tupu maana yake hatujui. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mimi niliyachanganya kwa kidole kimoja.

R ni nini hasa

R ni lugha ya kuiambia kompyuta ifanye hesabu na uchambuzi wa takwimu. Ilianzishwa miaka ya 1990 na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, wanaoitwa Ross Ihaka na Robert Gentleman. Angalia herufi ya kwanza ya majina yao, utajua jina la lugha limetoka wapi. Waliijenga kwa kufuata lugha nyingine iliyoitwa S, iliyotoka maabara za Bell kule Marekani. Toleo lililoitwa 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000. Leo inatumiwa na watafiti wa kilimo, madaktari na watu wa benki duniani kote.

Lililo kubwa kwetu ni kwamba ni ya bure kabisa. Hununui, hulipi kila mwezi, na ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi hata pasipo na intaneti. Kompyuta mpakato ya zamani inatosha kwa madaftari ya kikundi.

Iko lugha nyingine iitwayo Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Nayo ni ya bure na nzuri. Ukimpata kijana anayeijua Python tayari, usimwambie aanze upya. Ninayosema hapa kuhusu R yanamhusu na yeye.

Kwa nini isiwe jedwali la kawaida

Utaniuliza, si kuna Excel? Kweli ipo, na nimeitumia miaka mingi. Kosa la ng'ombe halikuwa la Excel, lilikuwa langu. Ningeacha nafasi tupu, Excel ingeziruka na kunipa lita 8.

Lakini angalia tofauti. Excel inaziruka kimya kimya. Inakupa lita 8 bila kukuambia kwamba robo ya siku zote haijulikani. R inagoma. Inakutaka utamke kwa maandishi kwamba siku zisizojulikana ziachwe. Amri yake ni hii:

mean(lita, na.rm = TRUE)

Neno mean ni wastani. Hayo maneno na.rm = TRUE ndiyo kiapo chako: "Ndiyo, najua kuna siku sizijui, ziondoe." Huwezi kuyaandika bila kukumbuka kwamba kuna swali hujamuuliza mwenye ng'ombe.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Nilipojaza zile sifuri, sikuacha alama yoyote. Mtu mwingine akifungua jedwali langu hawezi kujua kwamba sifuri 15 zilitoka kichwani kwangu na si kwenye daftari la mama. Katika R unaandika hatua zako zote kwenye faili moja, mstari kwa mstari: nimefungua daftari hili, nimeondoa siku hizi, nimekata kiasi hiki, nimegawanya kwa idadi hii. Daftari la asili linabaki kama lilivyo. Mtu mwingine akichukua faili lako na daftari lile lile, atapata jibu lile lile, au atakuonyesha mstari uliokosea.

Sasa fikiria mkutano wa chama chako cha ushirika. Karani anakuja na karatasi: jumla ya kilo, makato, malipo. Mwanachama anasimama na kuuliza, "Kilo zangu zimekuwaje?" Anaonyeshwa namba ya mwisho, anaambiwa akae. Hesabu ikiwa imeandikwa hatua kwa hatua, kijana yeyote anayejua lugha hiyo anaweza kuisoma mbele ya wanachama na kusema makato yameingia mstari gani na kwa kiasi gani. Sisemi R inazuia wizi. Mizani ikiwa mbovu, hesabu nzuri itazidisha uongo tu. Lakini hesabu inayokaguliwa ni ulinzi, na kwa maoni yangu mkulima ana haki nayo.

Nilivyojifunza vibaya, kisha vizuri

Mara ya kwanza nilijifunza kama mtoto wa shule. Nikapakua masomo, nikaanza ukurasa wa kwanza, nikakariri amri kumi kwa siku. Baada ya wiki tatu nilikuwa sikumbuki hata nne. Nilijisikia mjinga, nikaacha.

Mara ya pili nilianza na swali moja na daftari moja. Swali langu lilikuwa, "Ng'ombe gani kati ya hawa tisa anatoa maziwa mengi kwa siku?" Basi. Sikutaka kujua kingine. Amri za kwanza nilizojifunza zilikuwa mbili, moja ya kufungua daftari na nyingine ya kutafuta wastani:

daftari <- read.csv("maziwa.csv")
mean(daftari$lita)

Hizo zilinipeleka kwenye ile NA, na NA ikanipeleka kwa yule mama. Nimejifunza mengi kwa swali lile moja kuliko kwa masomo yote ya mwanzo, kwa sababu jibu lilikuwa na mtu nyuma yake.

Pia niliweka daftari la makosa. R inajibu kwa Kiingereza, na majibu yake ya makosa yanatisha mtu mgeni. Kila lilipotokea kosa nililinakili, na chini yake nikaandika kwa Kiswahili maana yake na dawa yake. Baada ya miezi mitatu niliona kwamba makosa yangu mengi yalikuwa yale yale matano au sita. Jina limekosewa herufi. Alama za kufungulia maandishi hazikufungwa. Mabano hayakufungwa, na kompyuta inaonyesha alama ya kujumlisha badala ya > ikisubiri nimalize. Hapo unabonyeza Esc na kuanza tena, hakijaharibika kitu.

Na usiogope Kiingereza. Amri zenyewe ni za Kiingereza, lakini majina ya vitu unavyoviunda unaweza kuyaandika kwa Kiswahili. Mimi nina lita, nina bei, nina gunia. Kompyuta haijali.

Vifaranga 50 vinavyokusubiri

Kama huna daftari bado, R inakuja na rekodi za mazoezi ndani yake. Moja inaitwa ChickWeight. Ni uzito wa vifaranga 50 waliolishwa vyakula vya aina 4, wakapimwa tangu kuanguliwa hadi siku ya 21. Mfugaji gani asiyependa swali hilo?

Ukitafuta wastani wa uzito siku ya 21, chakula cha kwanza kinatoa gramu 178 hivi, cha pili 215, cha tatu 270 na cha nne 239. Utasema chakula cha tatu kimeshinda, tukanunue. Subiri. Hesabu na idadi. Chakula cha kwanza kilianza na vifaranga 20, lakini siku ya 21 waliopimwa ni 16. Cha nne kilianza na 10, wakapimwa 9. Cha pili na cha tatu walianza 10, wakamaliza 10. Rekodi za vifaranga watano zinakatika njiani.

Wastani wa siku ya mwisho haukuambii habari za hao watano. Unahesabu waliofika tu. Kuna muuza chakula cha kuku anayeweza kukuonyesha picha ya kuku wakubwa wa wiki sita, naye hasemi uongo. Muulize, "Walianza wangapi?" Swali hilo nililipata kwenye R, lakini unaweza kulitumia leo dukani bila kompyuta.

Kwako mfanyabiashara

Nikupe mfano wa hesabu inayowapoteza wafanyabiashara wengi wa mazao. Umenunua magunia 10 ya mahindi kwa shilingi 60,000 kila moja. Baadaye bei ikapanda, ukanunua magunia 40 kwa 80,000. Ukijumlisha bei mbili na kugawanya kwa mbili unapata 70,000. Anakuja mteja wa jumla na 74,000, unafurahi kwamba unapata faida ya 4,000 kwa gunia.

Piga upya. Magunia 10 yamekula 600,000. Magunia 40 yamekula 3,200,000. Jumla ni 3,800,000 kwa magunia 50, yaani 76,000 kila gunia. Ukiuza kwa 74,000 unapoteza 2,000 kwa gunia, jumla 100,000, na hapo hujalipa mpakiaji wala lori. Utashangaa mtaji umekwenda wapi, utasema umerogwa.

R ina amri ya wastani wa aina hiyo, unaotazama bei pamoja na idadi. Lakini haiwezi kukusaidia kama daftari lako lina bei bila idadi ya magunia.

Wanaosema haya si ya mkulima

Nawasikia. Mzee mmoja aliniambia, "Bwana shamba, mimi simu yangu ni ya kitochi, unaniambia lugha ya kompyuta?" Ana haki. Sisemi kila mkulima ajifunze R. Kila mkulima hahitaji kujua kutengeneza pampu ya maji, lakini kijiji kisicho na hata mtu mmoja anayejua kitakunywa maji ya mto pampu ikifa.

Ninachosema ni hiki: katika kila kikundi cha wafugaji, kila chama cha ushirika, awepo mtu mmoja, ikiwezekana wawili, wanaojua kuchambua takwimu kwa lugha inayoacha hatua zake wazi. Nasema wawili kwa sababu mmoja akiwa peke yake anakuwa kama karani yule yule wa zamani. Wa pili anamkagua.

Wengine wanasema tutumie programu za simu zinazotoa jibu tayari. Zina faida yake, nami natumia baadhi. Lakini programu ikikuambia uza ng'ombe, unajua ilizifanyeje siku zisizoandikwa? Mimi nilikuwa programu ya yule mama. Nilimpa jibu tayari, safi, la namba moja, na lilikuwa baya. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweza kuona nilichofanya katikati.

Na sisi maofisa ugani nasi tujisemee. Tunakusanya madaftari ya watu, tunapeleka namba juu, na mara nyingi hatuzirudishi kwa wenyewe. Tukijifunza kuchambua sisi wenyewe, mfugaji anaweza kupata jibu la daftari lake mwezi huo huo, na sisi tukakosolewa mapema kabla ng'ombe hajauzwa.

Fanya haya wiki hii

Kompyuta haiponyi daftari bovu. Kwa hiyo anza na kalamu.

1. Siku moja, ng'ombe mmoja, mstari mmoja. Usiandike "Jumatatu hadi Jumatano lita 24".

2. Andika namba peke yake chini ya kichwa cha "lita". Ukiandika "lita 8" kwenye mstari mmoja tu, R itaichukua safu nzima kuwa maneno na haitapiga hesabu.

3. Tumia jina moja kwa kitu kimoja. Kwa R, "Mahindi" na "mahindi" ni mazao mawili tofauti.

4. Taja kipimo. Gunia la mahindi kwetu Tanzania huhesabiwa kilo 100, kwa jirani zetu Kenya kilo 90, na lumbesa ni jambo jingine kabisa, licha ya kukatazwa. Kompyuta haijui lumbesa. Andika kilo.

5. Pasipojulikana, acha wazi, na pembeni andika sababu: "sikuwepo", "mizani imeharibika". Sifuri iandike tu pale ulipopima ukakuta hakuna.

6. Kwenye mkutano ujao wa kikundi, pendekezeni vijana wawili, wa kike na wa kiume. Msiwatume kwenye kozi kwanza. Wapeni daftari moja la kikundi na swali moja ambalo wanachama wote wanataka jibu lake. Wakileta jibu, waambieni wasome hatua zao kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wenye daftari.

Hiyo hatua ya mwisho usiirahisishe. Ningesoma hatua zangu kwa sauti siku ile, nikafika pale pa "siku 15 nimeweka sifuri", yule mama angenikatiza palepale.

Bado anafuga. Alinunua mtamba, na mwaka huu amezaa. Daftari lake safari hii lina safu ya ziada aliyoichora mwenyewe kwa rula, imeandikwa "Nani alikamua". Mwezi uliopita kulikuwa na siku mbili tupu. Kabla sijagusa kompyuta nilimpigia simu kumuuliza.

Vijana wenu wakishapatikana, waje ofisini na daftari siku ya Alhamisi, siku ambayo huwa sitoki kwenda mashambani. R nitawawekea mwenyewe, haina gharama. Waje na swali lao.